Saratani ya Merkel na jaribio la wagonjwa 88

Saratani ya seli za Merkel ni saratani adimu ya ngozi, inayowapata watu wapatao 3,000 kwa mwaka nchini Marekani, nayo huanza kama kivimbe kigumu, chekundu au cha zambarau, ambacho kwa kuwa hakiumi huweza kupuuzwa hadi kinapokuwa kimekwisha kusambaa kwenye tezi za limfu. Mwaka 2008 maabara ya Yuan Chang na Patrick Moore, katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, iligundua kwamba nyingi ya saratani hizo zina virusi vya jamii ya polioma, ambavyo watu wazima wengi huishi navyo bila kudhurika. Zisizo na virusi hivyo hutokana zaidi na miale ya jua. Kwa vyovyote vile, seli iliyogeuka saratani hubeba protini ngeni ambazo kinga ya mwili ingepaswa kuzitambua.

Lakini seli hiyo huweza kujihami kwa protini iitwayo PD-L1, ambayo ikishikana na protini nyingine, PD-1, iliyo juu ya seli T, yaani seli za kinga zinazoua seli zilizoharibika, huzizuia zisishambulie. Tibakinga inayolenga protini hizo haiiui saratani yenyewe, bali huondoa kizuizi hicho.

Jaribio la kitabibu la JAVELIN Merkel 200 liliwapa tibakinga ya aina hiyo, dawa ya avelumab, kwa njia ya mshipa kila baada ya wiki mbili, wagonjwa 88 ambao saratani yao ilikuwa imesambaa na tibakemikali ilikuwa imeshindwa kuwasaidia. Uvimbe ulipungua au kutoweka kwa wagonjwa 28, sawa na asilimia 31.8. Kiwango hicho chaonekana kidogo, hasa ikikumbukwa kwamba tibakemikali, inapotumiwa kwa mara ya kwanza, hupunguza uvimbe kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa. Tofauti ni kwamba nafuu ya tibakemikali kwa kawaida haipiti miezi michache, ilhali wengi wa walionufaika na avelumab walikuwa bado na nafuu mwaka mmoja baadaye. Machi 2017 Marekani iliidhinisha dawa hiyo.

Jaribio hilo halikuwa na kundi la kulinganisha, upungufu ambao katika ugonjwa adimu kiasi hiki unavumilika, ingawa si udhuru wa kudumu, kwani jaribio la ADMEC-O la Ujerumani na Uholanzi liliweza kuwagawa wagonjwa 179 katika makundi mawili, moja likipewa tibakinga nyingine, nivolumab, baada ya upasuaji na jingine likifuatiliwa tu.

Kasoro nzito zaidi ni ya walioachwa nje. Wenye kinga dhaifu, wakiwamo waliopandikizwa figo, ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya kupata saratani hii, lakini majaribio makuu hayakuwapokea; kwa waliopandikizwa, hofu ni kwamba kinga ikiamshwa dhidi ya saratani inaweza pia kuikataa figo iliyopandikizwa.