Korongo Aliyeponzwa na Uzuri

Ndege wengi waliotoweka duniani, au waliokaribia kutoweka, waliangamizwa kwa bunduki, kwa sumu, kwa paka na panya walioletwa na merikebu, au kwa shoka lililofyeka miti waliyokuwa wakitagia. Lakini korongo mwenye taji wa Rwanda, ambaye wenyeji humwita umusambi, alipatwa na balaa la namna nyingine, nalo ni kupendwa. Watu walimtazama wakamstaajabia, walipomstaajabia wakamtamani, na walipomtamani wakamfunga uani, hata ikafika siku ambayo ilikuwa rahisi zaidi kumwona katika bustani ya hoteli kuliko kumwona katika kinamasi alikozaliwa.

Kumstaajabia si dhambi. Ndege huyu husimama kimo cha takriban mita moja, mwili wake ni wa kijivu, mashavu yake ni meupe, kooni ana ngozi nyekundu inayoning'inia, na utosini amevikwa manyoya magumu ya rangi ya dhahabu ambayo hayalali hata upepo uvume namna gani. Dume na jike huinamiana kwa taadhima, hutandaza mabawa, kisha hurukaruka kwa ngoma isiyo na mpigaji, na aghalabu hucheza hata wakati ambapo hawana haja ya kuposana. Fauka ya hayo, korongo wenye taji ndio peke yao katika jamaa yote ya korongo wanaoweza kutua juu ya mti na kulala huko, kwa kuwa kidole chao cha nyuma ni kirefu cha kutosha kushika tawi. Uganda, jirani wa kaskazini, ilimpa nafasi katikati ya bendera yake, na wachezaji wake wa kandanda wakachukua jina lake.

Haiba hiyo ndiyo iliyomponza. Kuwa na korongo bustanini kulikuwa fakhari ya wenye mali na wenye mahoteli, na penye mnunuzi hapakosi muuzaji: maskini wa kando ya vinamasi waliingia katika matete wakawatoa makinda na kuwauza. Ndege anapokua hutaka kuruka. Kwa hiyo alikatwa manyoya ya bawa, na pengine, kwa ukatili ambao sijui mwenye kufanya hivyo aliulalia vipi usiku, alivunjwa bawa lenyewe. Alilishwa vyakula visivyomfaa, akaishi bila mwenzi, na kwa kuwa korongo wa kufugwa huzaa kwa nadra mno, kila mmoja aliyetiwa uani alikuwa kama amekwisha kufa katika hesabu ya kizazi chake. Wakati huohuo vinamasi navyo vilikaushwa ili vilimwe, katika nchi ambayo watu ni wengi na ardhi ni finyu. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimwingiza korongo huyu katika daraja la viumbe walio hatarini kutoweka, si kwa ajili ya Rwanda peke yake, bali kwa sababu alikuwa akipungua katika sehemu kubwa ya maskani yake ya Afrika ya Mashariki na Kusini.

Mwaka 2014 daktari wa wanyama wa Kinyarwanda, Olivier Nsengimana, ambaye hapo awali alikuwa akiwatibu sokwe wa milimani, alianza kazi ya kumnusuru ndege huyu. Sheria ya kukataza kumfuga ilikuwapo. Angeweza kuishika hiyo na kuomba askari waingie nyumba kwa nyumba. Lakini sheria inayotumiwa ghafla kwa watu waliozoea kuvunja bila kujua kwamba wanavunja huzaa jambo moja tu, yaani kuficha, na ndege aliyefichwa stooni hufa kabla ya ndege aliyefungwa bustanini. Rai yake ilikuwa nyingine. Kwa kushirikiana na serikali, ilani ilitolewa, redioni na kwingineko, kwamba kila mwenye korongo ajitokeze amwandikishe, wala hatatozwa faini wala kushitakiwa. Simu zikaanza kulia. Wataalamu walikwenda katika kila ua, wakampima ndege, wakamvisha pete ya mguuni, wakamwandika daftarini, na wakakaa na mwenyeji kumweleza hali ilivyo; kwani wengi wa wafugaji hao walidhani kwa moyo safi kwamba wanamtendea ndege wema. Korongo zaidi ya mia mbili walipatikana kwa njia hiyo.

Naomba msomaji asiipite haraka sehemu hii ya kazi, kwa kuwa hatuizoei. Tunapofikiri juu ya uokoaji wa wanyama tunamwona mtu mwenye darubini, amejibanza vichakani. Ilhali hapa sehemu kubwa ya kazi ya nyikani ilifanyika barazani, juu ya kikombe cha chai, baina ya daktari na mtu ambaye fakhari yake inaombwa kwa lugha laini iondoke mikononi mwake.

Waliotolewa walitengwa kwanza katika karantini, wakachunguzwa maradhi, kisha wenye mabawa mazima wakapelekwa katika Hifadhi ya Akagera, mashariki ya nchi, inayopakana na Tanzania. Huko hawakuachiwa siku ya kwanza. Ndege aliyeishi kwa kutupiwa makombo hana budi kujifunza upya kutafuta riziki, kukanyagakanyaga majani ili wadudu watoke, na kulijaribu bawa lake kadiri manyoya mapya yanavyoota mahali pa yale yaliyokatwa. Na baadaye, yeye mwenyewe anapokuwa tayari, huruka akajiunga na wenziwe wa mwituni. Kwa wale waliovunjwa mabawa, kuruka ni muhali hata mwisho wa maisha yao. Hao walijengewa makao mjini Kigali, katika kinamasi kilichohuishwa, panapoitwa Umusambi Village, na watoto wa shule hupelekwa huko wakawaone.

Sisi wa pwani tusijitie mbali na habari hii. Ni nyumba ngapi za mwambao ambazo zimewahi kuwa na kasuku wa kijivu tunduni, aliyefundishwa kutoa salamu na kumwita mwanamwali kwa jina, nasi tukamcheka na kumsifu bila kuuliza alitoka msitu gani wa Kongo na wenzake wangapi walikufa njiani? Kasuku huyo naye, tangu mwaka 2016, yumo katika daraja lilelile la korongo.

Lakini ndege hawezi kurudishwa mahali ambapo makazi yake yamekwisha. Kaskazini ya Rwanda kuna kinamasi cha Rugezi, juu milimani, ambacho maji yake huteremka katika ziwa Burera, na toka hapo huendesha mitambo ya umeme ya Ntaruka. Kilipokaushwa kwa kilimo, ziwa lilishuka, na mwanzoni mwa karne hii taa za mijini zikaanza kukosa nguvu. Ndipo serikali ilipowaondoa waliokuwa wakilima ndani yake na kukiacha kijae tena. Korongo walifaidika na uamuzi ambao haukufanywa kwa ajili yao, nami sioni aibu yoyote katika hilo: nafuu ya kiumbe mara nyingi huja ikiwa imepanda mgongoni mwa haja ya binadamu.

Hesabu iliyofanywa nchi nzima mwaka 2017 ilipata korongo 487. Hesabu za miaka ya karibuni zimevuka elfu moja. Mwenye insafu atakumbuka kwamba wahesabuji nao huongezeka ustadi mwaka hata mwaka, na kwamba ndege aliyekuwapo asionekane huweza kuonekana sasa. Hata hivyo, kupanda kwa zaidi ya maradufu si jambo la macho makali peke yake.

Kazi iliyobaki haina ngoma wala taji. Korongo hutaga mayai mawili au matatu, hata manne, juu ya kitanda cha majani yaliyolazwa katikati ya maji, na kwa takriban mwezi mmoja dume na jike hupokezana kuatamia. Katika muda huo mtu mmoja mwenye mundu anatosha kuharibu kila kitu. Walinzi wa Rugezi, ambao wametolewa katika vijiji vinavyokizunguka kinamasi, hupita kando ya maji wakitafuta viota, wakiandika walichokiona, na wakibishana na jirani zao. Ubishi wenyewe si wa korongo. Ni wa majani: mwanamke mwenye ng'ombe mmoja aliyefungwa zizini anayahitaji leo, na majani mazuri kuliko yote yameota palepale penye kiota. Mlinzi humwonyesha kwingine pa kukata, na kukiwa mbali, mwanamke huuliza ni nani atakayembebea mzigo.