Harufu ya Nengonengo

Msimu wa pamba unapokwisha katika Wilaya ya Meatu, na migongo na magoti ya wale waliokuwa wakiinama mashambani tangu alfajiri yakaanza kudai haki yao, wapo wazee katika vijiji vya kandokando ya Mwanhuzi ambao hawaendi kwanza dukani, bali huuendea mti ambao Wasukuma huuita nengonengo, mti mdogo wenye maua ya zambarau na mizizi inayosifika kuliko maua yake. Kisu kikipita juu ya ganda la mzizi mbichi hufuka harufu kali yenye ubaridi ndani yake, ambayo kila aliyepata kuchuliwa mguu ulioteguka huitambua papo hapo, kwani ndiyo harufu ya dawa ya kuchua iuzwayo madukani katika vichupa.

Wala harufu hizo hazishabihiani kwa sadfa. Mafuta ya mzizi huo, kwa sehemu yake kubwa, ni methili salisilati, kitu kilekile kitiwacho katika dawa za kuchua, na jamaa wa karibu wa aspirini, ambayo Felix Hoffmann aliitengeneza mwaka 1897 katika kiwanda cha Bayer, Ujerumani. Na ilikuwa mwaka 1971 ndipo John Vane wa Uingereza alipoibainisha siri ya aspirini, kwamba huuzuia mwili usitengeneze prostaglandini, ambazo huchochea uvimbe na maumivu pahali palipodhurika.

Je, ushahidi huo watosha kutuaminisha kwamba mzizi huo ni dawa? Mimi nasema hautoshi. Dawa iliyo bora sisi huiita mujarabu, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu pamoja na nduguye, kujaribu, na maana yake ya asili ni kitu kilichokwisha kujaribiwa. Kwa hiyo hapana dharau yoyote kwa wazee katika kuupeleka mzizi wao maabara, kama wafanyavyo wataalamu wa Muhimbili, ambako kitengo cha utafiti wa tiba asili kilianzishwa mwaka 1974.

Miongoni mwa majaribio ya maabara, lile la uvimbe lastahili kutazamwa kwa karibu. Panya hupigwa katika wayo wa nyuma sindano ya karaginani, ambayo, ajabu ya mambo, ni uteute wa mwani mwekundu, wa ukoo mmoja na ule ambao kina mama wa Paje na Jambiani huupanda baharini. Wayo ukianza kuvimba, mtafiti huuchovya katika chombo cha maji, akapima maji yaliyopanda, na kurudia hivyo saa baada ya saa. Kundi moja la panya limenyweshwa maji matupu, la pili dawa ya hospitali kama indomethasini, na mengine dondoo la mmea kwa vipimo vinavyozidiana; uvimbe ukipungua kadiri kipimo kinavyozidi, hapo taathira ya mmea yaanza kuaminika. Ni kazi isiyopendeza kuitazama, na kwa sababu hiyo haifai kufanywa ila kwa swali lililofikiriwa vema.

Na swali lenyewe aghalabu hukosewa. Panya hunyweshwa dondoo, ilhali mzee aliyeupa mzizi sifa yake huenda aliupaka tu juu ya goti. Na kwa nengonengo tofauti hiyo ni ya uhai na mauti, kwa kuwa kijiko kimoja cha chai cha methili salisilati kina nguvu ya vidonge vya aspirini zaidi ya 20, kiasi cha kumwua mtoto, na fauka ya hayo mzizi huo una sumu nyingine. Kadhalika mafuta hayo hupaa pamoja na mvuke, hata mzizi uliokaushwa wiki nyingi kisha ukachemshwa katika sufuria isiyofunikwa waweza kufika kwa panya ukiwa umekwisha kupoteza kile kilichotafutwa. Basi mtafiti ashukapo Mwanhuzi na daftari lake, kabla hajauliza jina la mti, na aulize mzizi ulikwanguliwa mbichi au mkavu, ulipakwa au ulinywewa, na sufuria ilifunikwa au iliachwa wazi.