Potimini ya mwanafunzi: usitazame rangi, fungua ncha

Kila Septemba, masomo yanapofunguliwa, meza za vifaa vya shule pale Kadutu mjini Bukavu, Birere mjini Goma au kwenye soko kuu la Butembo hujaa kalamu za kila rangi. Kando ya biki na kalamu za mbao kuna ile ambayo wanafunzi wa sekisyo za ujenzi, mekanike na umeme huiulizia kwa jina: potimini. Ni kalamu ya risasi isiyochongwa. Unabonyeza nyuma, kijiti cheusi kinatoka mbele. Mzazi huchagua yenye kung'aa zaidi, anapatana bei, analipa. Kabla ya Noeli mtoto anaomba nyingine.

Kwa anayesoma fasihi huo ni usumbufu mdogo, atachukua biki na kuendelea. Kwa yule wa ujenzi mambo ni tofauti. Plani ya nyumba huchukua saa nyingi, na kila mstari lazima uwe na unene uleule mwanzo hadi mwisho. Mini (hivyo ndivyo tunavyokiita kile kijiti) ikirudi ndani katikati ya mstari, mstari unafifia, anafuta, anachora tena, karatasi inachubuka, na alama ya kufuta haijifichi mbele ya mwalimu. Siku ya mtihani, saa nayo inakimbia.

Halafu kuna mfuko wa mzazi. Tufanye hesabu ya mfano: ikiwa ya bei ya chini inauzwa franga 1 000 na inakufa kila miezi miwili, mwaka wa shule wa miezi kumi utakula franga 5 000. Hiyo ni kwa mtoto mmoja, na bado hujanunua mini. Kwa pesa hiyo angeweza kutafuta kalamu moja yenye kudumu hadi amalize umanite, kama tu angejua aangalie nini. Tatizo ni kwamba kinachoamua uhai wa potimini hakionekani kwa nje.

Kinachokufa ni kibanio

Ukifungua ncha ya potimini kwa kuizungusha, utaona ndani kibanio kidogo chenye meno mawili au matatu, kimefungwa na kapete kadogo, na nyuma yake kuna resori. Unapobonyeza, kibanio kinasukuma mini mbele. Kapete kanapogota, meno yanafunguka na kuiachia. Resori inakirudisha kibanio nyuma, nayo mini inabaki mahali ilipofika kwa sababu mbele kabisa, ndani ya ncha, kuna kampira kanakoishika. Meno yanaibana tena. Ni kazi ndogo, lakini mwanafunzi anaifanya mara nyingi sana kwa siku.

Kwenye potimini za bei ya chini, hicho kibanio ni cha plastiki. Plastiki inalika. Vumbi la mini linajaa kwenye meno, mshiko unalegea, na siku moja mtoto anaandika huku mini inarudi ndani kila anapokandamiza. Hapo hakuna fundi wa kuitengeneza. Kwenye potimini nzuri kibanio ni cha chuma, mara nyingi shaba ya njano, na hicho kinaweza kufanya kazi miaka mingi hata kama kiwiliwili cha nje ni cha plastiki.

Ndiyo maana rangi ya fedha haimaanishi kitu. Zipo nyingi zilizovikwa bati la kung'aa huku ndani kibanio ni plastiki tupu. Na kinyume chake: Pentel P205 ya Japani, ambayo imekuwa ikiuzwa tangu miaka ya 1970, ina kiwiliwili cha plastiki chepesi, lakini kibanio ni cha chuma. Ukiiona mezani kando ya nyingine, pengine utaipita, kwa kuwa haina mapambo. Wachoraji na mainjinia wa nchi nyingi wamefanya nayo kazi miaka yote hiyo.

Mkasa wa pili: kuanguka

Kuna kifo kingine, na hiki kinazipata hata zile za bei kali. Potimini za kuchorea zina kimrija chembamba cha chuma mbele, kama milimita 4, kilicho sawasawa upande wote. Kimewekwa hivyo ili kipite kando ya rula bila mini kugusana nayo. Kinafaa sana kwa michoro. Lakini kalamu ikianguka kwa kichwa kwenye sakafu ya saruji, kimrija kinapinda, na mini zote zitakazopita hapo zitavunjika. Kadiri kalamu ilivyo nzito, ndivyo inavyoumia zaidi.

Rotring 600 ya Ujerumani, iliyotoka mwaka 1989, ni mfano mzuri. Mwili wake wote ni shaba ya njano, inashikika vizuri, na wapenzi wake huizungumzia kama watu wanavyozungumzia pikipiki nzuri. Lakini mimi singemnunulia mtoto wa interna. Uzito wake wote unaelekea kwenye ncha ikianguka, na kitu kinachong'aa hivyo hakilali kwenye kabati la interna wiki mbili bila kupata mwenyewe mwingine. Amalize kwanza, akiingia chuo cha ujenzi na kuwa na meza yake, hapo tuzungumze.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mzazi ni hili: kalamu itaishi wapi? Kama ni kwenye mfuko wa shati, kwenye moto na kwenye msongamano wa darasa, tafuta yenye ncha inayoingia ndani, au yenye ncha fupi ya koni isiyo na kimrija kirefu. Mwili wa plastiki ngumu, kibanio cha chuma. Kama ni mwanafunzi wa ujenzi au mekanike anayefanya michoro kila juma, kimrija ni lazima. Basi mnunulie na kikopo kigumu cha kuitunzia, hata kile cha mswaki wa safari kinatosha.

Dakika mbili mezani kwa muuzaji

Usilipe kabla ya kuijaribu. Muuzaji mwenye mali nzuri hatakukataza, na anayekukataza amekwisha kukujibu.

Fungua ncha, tazama kibanio. Kikiwa na rangi ya njano ya chuma, endelea. Kikiwa cheupe au cheusi cha plastiki, ujue unanunua kitu cha muhula mmoja, na ulipe bei ya kitu cha muhula mmoja. Angalia na nyuzi za skrubu: ncha lazima iingie laini na ikaze bila kuyumba.

Kisha bonyeza mara kumi, polepole. Kila mbonyezo utoe urefu ule ule, kama nusu milimita au kidogo zaidi. Ukiona mara inatoa nyingi, mara haitoi kitu, iache. Toa mini kidogo, simamisha kalamu kwenye karatasi na ukandamize kama mtu anayeandika kwa nguvu. Ikirudi ndani, hiyo ndiyo tabia yake na haitabadilika nyumbani. Mwisho, ilaze mezani uizungushe kama chapati isiyokunjuka huku ukitazama ncha: ikichora duara badala ya kutulia, imepinda tangu kiwandani au njiani.

Jina lililoandikwa ubavuni lisikutishe. Kuchapa jina la kampuni kubwa juu ya plastiki ni rahisi kuliko kutengeneza kibanio cha shaba. Kama una ndugu anayerudi kutoka Nairobi, Dubai au Ubelgiji, hiki ni kitu chepesi cha kumwagiza. Mpe namba kamili ya aina unayotaka, siyo kumwambia tu alete nzuri.

Uliza mini kwanza

Hapa ndipo wengi wanakwama. Potimini isiyo na mini sokoni ni kijiti tu. Kabla ya kuchagua kalamu, uliza mini zinazopatikana karibu na anakosoma mtoto ni za kipimo gani. Kuna 0,3, 0,5, 0,7 na 0,9, na kalamu ya kipimo kimoja haipokei mini ya kingine. Ya 0,3 iachie mchoraji mwenye mkono mwepesi. Ya 0,5 ndiyo ya michoro ya shule. Kwa mtoto wa kawaida anayeandika kwa kukandamiza, 0,7 haivunjiki haraka, nami ningeichagua hiyo kila inapopatikana.

Angalia pia herufi kwenye kikopo: HB ni ya kati, 2B ni nyeusi na laini zaidi, H ni ngumu na hafifu. HB inatosha kwa kazi nyingi. Na ingawa tunasema kalamu ya risasi, risasi yenyewe haimo, ni grafiti. Kwenye kalamu ya mbao grafiti huchanganywa na udongo wa mfinyanzi, lakini mini nyembamba za kisasa hufungwa kwa polima, ndiyo sababu zinaweza kuwa nyembamba hivyo bila kukatika ovyo. Mini mbovu ikivunjikia ndani ya kimrija inaziba, na lawama inapewa kalamu. Weka mbili au tatu tu kwa mara moja. Zikijaa zinasongana.

Kipande cha mwisho, kikibaki kama sentimita moja, kibanio hakikifikii tena. Kitatetereka na kurudi ndani, mtoto ataamini kalamu imekufa. Avute hicho kipande kwa mbele, akitupe, aingize kingine.

Kuna aina moja ya Japani inayostahili kutajwa, Kuru Toga, ambayo kampuni ya Mitsubishi Pencil (haina undugu na ile ya magari) ilitoa mwaka 2008. Ndani ina gia ndogo inayogeuza mini kila unapoinua mkono, ili ilike pande zote na maandishi yabaki membamba. Kwa anayeandika herufi ndogo nyingi inasaidia kweli. Kwa anayevuta mistari mirefu kwa rula, haina nafasi ya kuzunguka, kwa hiyo usilipe zaidi kwa ajili ya hiyo gia.

Tukiwa bado Japani: redio na televisheni za Sharp ambazo wengi wetu tulizikuta kwa wazee zilipata jina lao kutokana na kalamu ya aina hii. Hayakawa Tokuji aliitengeneza Tokyo mwaka 1915 ikaitwa Ever-Sharp; tetemeko la 1923 likamharibia kiwanda, akahamia Osaka na kuanza na redio.

Kuna watoto ambao sitawanunulia potimini kabisa. Yule wa primeri wa miaka sita au saba bado anajifunza kushika, mkono wake unakandamiza kama nyundo. Kalamu ya mbao na kichongeo ndiyo yake. Vilevile anayesoma kijijini ambako duka la karibu linauza biki na sabuni tu. Akimaliza mini alizobeba, atasubiri hadi mtu ashuke mjini. Huyo mpe kalamu za mbao tano na wembe wa kuchongea, atakuwa mbele ya wenzake.

Kwa wengine wote, baada ya kununua kuna kazi moja iliyobaki. Chukua msumari mwembamba, uupashe moto, uchore jina la mtoto kwenye plastiki ya mwili, chini ya kile kishikizo cha mfukoni ambako halifutiki kwa jasho la mkono. Jina lote, siyo herufi za mwanzo. Kwenye darasa la wanafunzi wengi, herufi za mwanzo zina wenyewe wengi.