Gundi ya Jasi Hushikaje Ukutani?

Mtu anayejifunza kwa mara ya kwanza kubandika bodi za jasi ukutani hudhani kwamba gundi yake hushika kwa kukauka, kama tope linavyokauka juani. Dhana hiyo ndiyo asili ya makosa mengi. Gundi hii hukaza kwa kuyachukua maji na kuyafanya sehemu ya mwili wake. Maji ya ziada ndiyo yanayokauka baadaye. Mwenye kulifahamu jambo hili ataona sababu ya kila kanuni anayofundishwa na fundi.

Jasi ni nini?

Jasi, ambayo wengi huiita jipsamu, ni madini laini yapatikanayo katika nchi nyingi. Nchini Tanzania huchimbwa Makanya, wilayani Same, na pia Kilwa. Ni salfeti ya kalsiamu iliyofungamana na maji: katika gramu 100 za jasi safi, karibu gramu 21 ni maji. Ikipashwa moto wa kiasi cha nyuzi 150 za Selsiasi, hupoteza robo tatu ya maji hayo na kubaki unga. Unga huo ukichanganywa na maji, huyarudisha yale uliyoyapoteza, ukageuka fuwele nyembamba mfano wa sindano. Sindano hizo hupenyana na kusukana, na nyingine huingia katika vitundu vya ukuta na vya karatasi ya bodi. Hapo ndipo penye nguvu ya gundi.

Mabadiliko haya yalielezwa na Lavoisier mbele ya Akademia ya Sayansi ya Ufaransa mwaka 1765. Huko Marekani, Augustine Sackett alipewa hataza ya bodi ya tabaka za karatasi na plasta mwaka 1894. Bodi za leo ni jasi iliyokwisha kukaza kati ya karatasi mbili.

Kanuni za kazi

Kwanza, ukuta uwe mkavu, imara na usio na vumbi. Penye vumbi, gundi hushikana na vumbi wala si ukuta. Penye unyevu, chanzo chake kitibiwe kwanza, kwa maana bodi iliyolowa hulegea.

Pili, ndoo ioshwe kila baada ya mchanganyiko. Fuwele zilizobaki huwa mbegu za fuwele mpya, na gundi hukaza kabla bodi haijapandishwa.

Tatu, gundi iliyoanza kukaza isiongezwe maji. Kuikoroga upya ni kuzivunja sindano zake: itaonekana laini, lakini haitashika vema. Kwa sababu hiyo hiyo, bodi isisogezwe gundi ikisha anza kukaza.

Nne, mzigo ufikiriwe. Bodi yenye unene wa milimita 12.5, upana wa mita 1.2 na kimo cha mita 2.4 huwa na uzito wa kilo 20 hivi au zaidi. Ikianguka, huweza kumjeruhi mtu. Mabonge ya gundi yapangwe kwa safu za wima, yafunike angalau sehemu moja ya tano ya bodi, na ukanda usiokatika uzunguke kingo zote. Ukanda huo huzuia hewa kupita nyuma ya bodi, na moshi pia iwapo moto utatokea. Kisha bodi igongwe taratibu kwa ubao ulionyooka na kupimwa kwa pimamaji, ikiwa imeinuliwa milimita 10 hivi juu ya sakafu ili isinyonye maji.

Jaribio la darasani

Koroga plasta ya Paris katika vikombe vitatu kwa vipimo sawa. Cha kwanza kiache. Katika cha pili, tia chembe za plasta kuukuu iliyosagwa. Cha tatu kikoroge kwa nguvu pindi kinapoanza kukaza. Plasta nyingine ifungie ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Wanafunzi waandike muda wa kila kimoja, kisha walinganishe ugumu. Ile iliyofungiwa itakaza ingawa haikukauka.

Tahadhari: mtu yeyote asizamishe mkono ndani ya plasta, kwani inapokaza hutoa joto linaloweza kuchoma. Masalio yasimwagwe katika bomba la maji machafu, maana yatakaza humo humo.