Foleni, Kiti Mwendo na Haki ya Kucheza: Bustani za Burudani za Marekani na Watu Wenye Ulemavu

Foleni ina sheria moja ambayo hata mtoto anaijua: aliyetangulia kufika ndiye atangulie kuhudumiwa. Sheria hiyo ni ya haki kwa watu wenye uwezo sawa wa kusimama. Lakini yupo asiyeweza kusimama, yupo ambaye kelele na msongamano humvuruga hata akapoteza utulivu kabisa, na yupo ambaye ugonjwa wa tumbo humlazimisha kukimbilia choo bila taarifa. Kwa watu hao sheria ile ile, ikitumiwa bila kubadilishwa neno, huwa ni mlango uliofungwa.

Wapendwa wasomaji, tumechagua kulieleza suala hili kwa mfano wa bustani kubwa za burudani za Marekani, kama vile Disneyland ya California iliyofunguliwa mwaka 1955 na Walt Disney World ya Florida iliyofunguliwa mwaka 1971. Huko kusubiri saa nzima kwa ajili ya mchezo wa dakika chache ni jambo la kawaida, na watu wamebishana kuhusu foleni hizo hadi mahakamani. Wengine watasema michezo ni anasa, na kwamba yapo mambo mazito zaidi ya kujadili. Hatukubaliani nao. Mtoto anayeachwa kando wakati wenzake wanacheza hujifunza mapema nafasi aliyopewa katika jamii.

Msingi wa yote ni Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu, iliyotiwa saini na Rais George H. W. Bush tarehe 26 Julai 1990. Sheria hiyo inawabana hata wafanyabiashara binafsi wanaohudumia umma: hawaruhusiwi kumbagua mteja kwa sababu ya ulemavu wake, na wanapaswa kurekebisha taratibu zao kwa kiasi kinachowezekana ili naye ahudumiwe. Hata hivyo, viwango vya kina kuhusu vyombo vya michezo vilichelewa sana. Vilitolewa mwaka 2010 na vikawa vya lazima kuanzia tarehe 15 Machi 2012. Kwa mujibu wa viwango hivyo, chombo kipya cha mchezo kinapaswa kuwa na angalau nafasi moja ya kiti mwendo, au kiti ambacho mtu anaweza kuhamia kutoka kwenye kiti mwendo chake, au kifaa cha kumsaidia kuhama. Njia ya kufika mahali pa kupandia nayo iwe inapitika. Vipo vyombo vilivyosamehewa, kama vile vinavyohamishwa kutoka maonyesho hadi maonyesho.

Katika utekelezaji, michezo hugawanyika. Ipo ambayo mgeni hubaki katika kiti mwendo chake tangu mwanzo hadi mwisho. Katika ule wa mashua uitwao "it's a small world", kwa mfano, ipo mashua iliyotengenezwa maalumu kwa kusudi hilo. Ipo mingine ambayo ni lazima ahame. Hapa pana jambo ambalo wageni wengi hawalijui hadi wamefika: wafanyakazi wa Disney hawaruhusiwi kumnyanyua mgeni. Kazi hiyo ni ya ndugu na marafiki alioandamana nao. Mwenye wana wanne wenye nguvu atapanda. Aliyekuja na mama yake mzee huenda akaishia kutazama.

Tena wengi hudhani kwamba kiti mwendo ni tiketi ya kuruka foleni. Si hivyo. Bustani ya Disney California Adventure, iliyofunguliwa mwaka 2001, ilijengwa kwa njia za foleni zilizo pana, hivyo mwenye kiti mwendo husubiri pamoja na wengine, kwa muda ule ule. Katika Disneyland ya zamani, ambako njia ni nyembamba na zina ngazi, hupewa mlango mwingine au saa ya kurudi. Kwa maoni yetu, huko kusubiri pamoja ndiko kuliko na heshima zaidi. Mlango wa nyuma, hata ukiwa wa haraka, unabaki kuwa mlango wa nyuma.

Ugumu mkubwa unatokea pale ulemavu usipoonekana kwa macho. Kwa miaka mingi Disney ilitoa kadi ya msaada kwa mgeni, ambayo mara nyingi ilimwezesha mwenye nayo kuingia karibu mara moja. Kisha, mwezi Mei 2013, gazeti la New York Post liliripoti kwamba matajiri wa Manhattan walikuwa wakiwakodi watu wenye ulemavu wawaongoze ndani ya bustani ili familia zao zisisubiri, kwa dola 130 kwa saa. Tarehe 9 Oktoba mwaka huo kadi ile iliondolewa na utaratibu mpya ukaanza. Sasa mwenye uhitaji hafiki mbele mara moja, bali hupewa saa ya kurudi inayolingana na urefu wa foleni. Ikiwa ni saa nane mchana na foleni ni ya dakika sitini, ataambiwa arudi karibu na saa tisa, na muda huo aupitishe kivulini au mezani akila. Anasubiri kama wengine, ila hasubiri katikati ya umati.

Wazazi wa watoto na vijana wenye usonji walishtaki. Hoja yao ilikuwa kwamba wapo wasioweza kuelewa maana ya "baadaye", na ambao mpangilio wa siku ukivunjika, siku yote imeharibika. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 11 iliamua kwamba jambo hilo lilistahili kusikilizwa kwa ushahidi. Mwaka 2020 mahakama ya chini, baada ya kuusikiliza, iliipa Disney ushindi.

Mwaka 2024 mlango ulibanwa zaidi. Disney ilitangaza kwamba huduma hiyo inawalenga wale ambao, kwa sababu ya ulemavu wa ukuaji kama usonji au hali inayofanana nao, hawawezi kukaa muda mrefu katika foleni ya kawaida. Mwombaji huhojiwa kwa njia ya video, na anayebainika kudanganya anaweza kupigwa marufuku ya kudumu. Wenye magonjwa ya tumbo na maradhi mengine ya mwili, ambao awali waliipata huduma hiyo, wengi wao sasa huelekezwa kwenye taratibu nyingine, kama vile kutoka kwenye foleni na kurudishwa baadaye. Mwaka 2025 kesi nyingine ilifunguliwa huko California. Bustani za Universal zimefuata njia tofauti: zinamtaka mgeni ajiandikishe mapema kwa taasisi ya IBCCES, akiwa na uthibitisho wa mtaalamu wa afya, ndipo apewe kadi.

Kila njia ina jeraha lake. Hati ya daktari ni mzigo kwa maskini, ingawa inamaliza ubishi. Mahojiano hayahitaji hati, lakini humlazimu mama kumsimulia mgeni asiyemjua saa mbaya kuliko zote za mwanawe, na mtoto pengine ameketi kando akisikia. Wala tusisahau kwamba tangu mwaka 2021 Disney inauza nafasi ya kupita katika njia fupi, ambayo zamani ilitolewa bure. Njia fupi ikishawekewa bei, kila anayeipita bila kulipa hutazamwa kwa shaka, hata kama sababu yake ni ya kweli.

Kuna pia suala la usalama, na hapa hatuwezi kuwalaumu wenye bustani kwa haraka. Mwezi Julai 2011, katika bustani ya Darien Lake jimboni New York, mwanajeshi mstaafu aliyepoteza miguu yote miwili nchini Iraki alirushwa nje ya treni ya mchezo ya mwendo kasi akafa. Kifungio kilitegemea miguu ambayo hakuwa nayo. Lakini kanuni za serikali zinasema kwamba masharti ya usalama lazima yatokane na hatari halisi, si dhana wala mazoea ya kuwaona watu wa aina fulani kuwa hawawezi. Mwaka 2023 mahakama ile ile ya rufaa, katika shauri la mgeni asiye na mkono mmoja aliyezuiwa kupanda mchezo wa maji wa Universal, ilikataa hoja kwamba kuitii sheria ya jimbo pekee kunatosha kuhalalisha katazo.

Yupo aliyeanza upande mwingine kabisa. Huko San Antonio, Texas, mfanyabiashara Gordon Hartman alifungua mwaka 2010 bustani ya Morgan's Wonderland, iliyopewa jina la binti yake mwenye ulemavu. Zipo bembea zinazopokea kiti mwendo kizima, na wenye ulemavu huingia bila malipo. Mwaka 2017 iliongezwa sehemu ya michezo ya maji, yenye viti mwendo vinavyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa badala ya betri, kwa kuwa betri na maji havipatani. Watoto wasio na ulemavu nao huja kwa wingi, na kwa kuwa kila kitu kilipangwa tangu mwanzo, hakuna anayehitaji kueleza kwa nini yupo hapo.

Kwetu, Ibara ya 30 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu inataja waziwazi michezo na burudani. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Marekani iliusaini mwaka 2009, lakini mwaka 2012 Baraza la Seneti halikufikisha kura za kuuridhia. Kwa maneno mengine, yule mwenye bembea zinazobeba viti mwendo hajaridhia, na sisi tulioridhia tuna viwanja vingi vya watoto ambavyo langoni pana ngazi tatu.

Kwa msomaji anayejiandaa kuwatembelea ndugu huko akiwa na mgonjwa au mtoto mwenye ulemavu, tunashauri aombe huduma kabla ya kusafiri, maana kungoja hadi langoni huleta usumbufu. Achukue barua ya daktari iliyoandikwa kwa Kiingereza, na asome mwongozo wa kila mchezo ili ajue mapema ni wapi atalazimika kuhama kutoka kwenye kiti na nani atamnyanyua.