Ukiachwa, Usitoke Mikono Mitupu

Juzi darasani Kaloleni mama mmoja muuza ndizi alituuliza: "Mwalimu, miaka kumi na tano nalima, nakamua, nalea. Mzee akiniacha leo, natoka na khanga yangu tu?" Darasa zima lilinyamaza. Leo tunajibu.

Zamani huku kwetu mila ilisema shamba na ng'ombe ni mali ya mume. Mke akiachika, alirudi kwao. Mwaka 1971 ikatungwa Sheria ya Ndoa. Sheria hii inahusu ndoa zote za Tanzania Bara: za kimila, za dini na za serikali. Ndani yake kuna mambo mawili. Tusiyachanganye.

Kwanza, mgawanyo wa mali. Mali iliyochumwa kwa jasho la wote wawili, mahakama inaweza kuigawa. Je, kupika na kulea ni jasho? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilijibu katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Ilisema ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango. Hata hivyo Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama iliona mumewe alikwisha kumpa fedha za mradi, naye akazitumia ovyo. Basi, mali ya nyumba tuitunze wote.

Pili, matunzo, yaani fedha za kujikimu. Baada ya talaka hayaji yenyewe. Mke huyaomba mahakamani na kueleza sababu. Mahakama hutazama uwezo wa mume na shida ya mke. Mke akiolewa tena, matunzo hukoma.

Matunzo ya mtoto je? Hayo ni haki ya mtoto, si zawadi kwa mama. Zamani, kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, sheria ya mkoloni iliweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilikiondoa. Sasa mahakama hutazama kipato cha baba na cha mama.

Ufanye nini? Usifunge mizigo usiku ukaondoka kimya. Nenda kwanza baraza la usuluhishi la kata. Wakishindwa kuwapatanisha, watakupa hati. Ichukue, uende nayo Mahakama ya Mwanzo. Huna fedha ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, nao hawadai malipo. Waulizie ofisi ya kata.

Na jambo moja zaidi. Umekwisha kujua kuandika. Basi andika: tulinunua bati mwaka gani, ng'ombe kwa fedha ya nani, nani alichimba msingi. Tunza risiti. Maneno husahaulika, karatasi hukumbuka.

Maswali ya kujadili:
1. Mgawanyo wa mali na matunzo vinatofautianaje?
2. Nyumbani kwako, mali ipi mmeichuma pamoja?