Haki ya Matibabu Isiombwe kama Sadaka

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii hunijia kila ninapoona foleni mbele ya dirisha la malipo katika hospitali ya umma. Katika foleni hiyo mna watu wanaolipa kwa sababu sheria inawataka walipe, na mna wengine wanaolipa kwa sababu tu hawajui kwamba hawapaswi kulipa. Makala haya yanawahusu hao wa pili.

Nianze na kisa cha nyumbani. Mwaka 1996, nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, nilimsindikiza mama kumpeleka ndugu yangu mdogo hospitalini. Mtoto alikuwa na umri wa miaka mitatu na alikuwa ameshikwa na malaria kali. Alilazwa siku nne. Siku ya kutoka, mama alipewa karatasi ya deni. Alirudi kijijini, akamwuza mbuzi jike aliyekuwa na mimba, kisha akarejea kulipa ili turuhusiwe kwenda zetu. Nilipokuwa nikimngoja, niliusoma kwa sauti ubao uliotundikwa kando ya dirisha, nikiona fahari kwamba nakijua Kiingereza. Nilitamka kila neno barabara. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, ndipo nilipotambua kwamba sentensi mojawapo katika ubao ule ilisema kuwa watoto wa chini ya miaka mitano hawatozwi ada. Karani hakutuambia, nasi hatukumwuliza, maana mtu haulizi asilolijua.

Sikusudii kumlaumu karani yule. Tatizo lilikuwa kubwa kuliko yeye, na mizizi yake inafaa kufukuliwa.

Miaka miwili baada ya uhuru, mwaka 1965, serikali iliondoa ada ya shilingi 5 iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, ikatangaza kwamba wagonjwa wasiolazwa watatibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Mwaka uliofuata ikaundwa Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, NHIF. Sera hiyo ya matibabu bila ada iliendelea hadi Desemba 1989, wakati serikali, ikiwa chini ya shinikizo la wafadhili na upungufu wa fedha, ilipoanzisha mpango wa kugawana gharama. Matokeo yalionekana upesi. Katika kliniki ya umma ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, watafiti walibaini kwamba idadi ya wanaume waliofika ilishuka hadi asilimia 40 hivi ya ile ya awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Watu hawakuwa wamepona. Walikuwa wamekosa ada. Mnamo Septemba 1990 ada ya wagonjwa wasiolazwa ilisimamishwa, lakini ikarejeshwa hatua kwa hatua kuanzia mwaka 1992.

Watunga sera walijua kwamba wapo watakaoshindwa kulipa, wakaweka njia mbili za kuwanusuru. Njia ya kwanza ni ya kutotozwa: mgonjwa wa kundi fulani, mathalani mtoto mchanga au mwenye kifua kikuu, hapaswi kudaiwa chochote tangu mwanzo. Njia ya pili ni ya kusamehewa: mgonjwa anadaiwa kama wengine, lakini akithibitisha kwamba ni fukara, deni lake linaweza kupunguzwa au kufutwa. Tofauti ya njia hizi mbili ni kubwa mno. Katika ya kwanza mgonjwa ana haki, na wajibu ni wa hospitali. Katika ya pili mgonjwa ana ombi, na uamuzi ni wa afisa. Ajabu ni kwamba katika mazungumzo ya kila siku tumezichanganya zote mbili tukaziita kwa jina moja: msamaha.

Neno hili si dogo. Katika Kiswahili, msamaha hutolewa na aliyekosewa kwa aliyekosa. Ni kweli kwamba hata deni husamehewa, lakini husamehewa kwa hiari ya anayedai, naye hawezi kulazimishwa. Basi mama anapoambiwa aende akaombe msamaha katika afisi ya ustawi wa jamii, huenda akiwa ameinamisha kichwa kana kwamba kuugua ni kosa. Hubeba barua ya chifu, hueleza umaskini wake mbele ya watu asiowajua, na akikataliwa huondoka kimya, kwani nani awezaye kudai msamaha?

Fikiria pia hilo jina la kugawana gharama. Kitenzi hiki kina kiambishi cha kutendana, na humfanya msikilizaji aone watu wawili waliokaa pamoja wakigawa kitu kwa makubaliano. Lakini mkulima aliyekuta ada mpya dirishani mwaka 1989 hakuketi na mtu yeyote kukubaliana lolote. Au tuchukue neno bure. Kwetu, bure ni kitu kisicholipiwa, na papo hapo ni kitu kisicho na faida. Ndiyo maana tunasema kazi bure na maneno ya bure. Mgonjwa akiambiwa kwamba anatibiwa bure, husikia kwamba amepewa cha watu, na hana haki ya kulalamika dawa zikikosekana. Ilhali kila anaponunua kipande cha sabuni hulipa kodi, na kodi hiyo ni sehemu ya fedha zinazomtibu. Matibabu hayo si ya bure hata kidogo. Yamelipiwa kabla.

Watu husema kwamba haya ni mambo ya maneno tu, kazi ya walimu wa lugha. La hasha. Mwaka 2015 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitoa uamuzi katika kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani baada ya kujifungua, kwa kuwa hawakuweza kulipa. Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kuwazuilia kulivunja haki zao, na miongoni mwa maagizo ya mahakama lilikuwa kwamba serikali itunge mwongozo ulio wazi wa jinsi msamaha wa ada utakavyotekelezwa katika hospitali zote za umma. Tuyatafakari maagizo hayo. Mpango ulikuwa umedumu zaidi ya miaka 20, na bado mahakama iliona haja ya kuagiza kwamba kanuni zake ziwekwe wazi.

Haikosi kusemwa kwamba hatua zimepigwa. Mwaka 2004 ada katika zahanati na vituo vya afya zilipunguzwa zikawa shilingi 10 na 20. Mnamo Juni 2013 ada hizo ziliondolewa, na huduma za kujifungua zikawa bila malipo katika hospitali zote za umma. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata huduma bora ya afya inayofikika, na inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Kisha ikaja Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023, na tangu Oktoba 1, 2024, NHIF imeondoka na nafasi yake kutwaliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, maarufu kama SHA.

Chini ya mpango huu kuna hazina tatu. Ya kwanza hugharimia huduma za msingi katika vituo vya ngazi za chini, na fedha zake zinatoka serikalini, si kwa michango ya mgonjwa. Ya pili ni ya bima: mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, na asiye na mshahara hukadiriwa mapato ya kaya yake kwa maswali kuhusu nyumba na hali yake ya maisha, kisha hutakiwa kulipa mapema mchango wa mwaka mzima. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Ya tatu ni ya dharura na maradhi sugu na mahututi. Zaidi ya hayo, sheria inaitaka serikali iwalipie mchango wale wasiojiweza.

Sasa nauliza: ni wangapi miongoni mwa wazazi wa wanafunzi wetu wanaojua kwamba kujisajili si sawa na kulipa, na kwamba aliyejisajili hata kama hajalipa mchango anaweza kutibiwa maradhi ya kawaida katika zahanati? Ni wangapi wanaojua kwamba majibu yao kuhusu paa na ukuta wa nyumba ndiyo yatakayoamua watalipa kiasi gani? Anayejibu kwa fahari, akataja ng'ombe aliokwisha kuwauza, hukadiriwa mchango usiomstahili. Sheria imebadilika, majina yamebadilika, lakini ubao ule wa mwaka 1996 bado umetundikwa pale pale, katika lugha ile ile.

Wapo watakaohoji kwamba kila mtu akijua haki yake, hazina zitakauka, na kwamba afadhali ugumu kidogo uwazuie wasiostahili. Hoja ya uhaba wa fedha ni ya kweli, nami siipuuzi. Lakini ugumu wa lugha hauwachuji watu kwa umaskini wao. Huwachuja kwa elimu yao. Mwenye kisomo na jamaa katika afisi ataipata nafuu hata kama haimstahili, na ajuza asiyejua kusoma ataikosa ijapokuwa iliwekwa kwa ajili yake. Kama fedha hazitoshi, serikali na iseme waziwazi ni nani atakayehudumiwa kwanza na ni nani atakayesubiri. Kuokoa fedha kwa kutegemea kutojua kwa raia ni aibu.

Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi iwe lazima kila dirisha la malipo liwe na tangazo la Kiswahili sanifu na chepesi, na pale inapofaa liwe pia katika lugha ya wenyeji, lenye kujibu maswali manne: nani hatozwi, nani anaweza kupunguziwa, aende kwa nani, na akikataliwa akate rufaa wapi. Na palipo na haki ya kutotozwa, tuache kabisa kuiita msamaha.

Walimu wenzangu tunayo sehemu yetu. Tumezoea kuwapa wanafunzi ufahamu kuhusu sungura na fisi. Siku moja tuwape fomu ya usajili wa bima ya afya, waifasiri, waifupishe, kisha waende nayo nyumbani wakamsomee nyanya. Nanyi wanafunzi, msiridhike kutamka maneno barabara kama nilivyoridhika mimi kando ya dirisha lile. Ulizeni maana yake. Ningaliuliza siku ile, huenda mbuzi wa mama angalizalia nyumbani.